Wiki nyeupe kutoka Malindi: hesabu, viza na mzunguko usiokwisha

Wiki mbili hizi sijaandika neno kuhusu Python wala Linux, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama ninaumwa. Siumwi. Ninapanga likizo. Safari hii si ya Lamu wala ya Zanzibar. Ni ya kwenda kuteleza juu ya theluji katika bonde moja la milima ya Alpi, kule Italia. Nasafiri na mamangu, mwenye umri wa miaka 61, mzaliwa wa Malindi, ambaye baridi kali kuliko zote alizowahi kuonja ni ya Limuru mwezi wa Julai.

Najua mnacheka. Chekeni, kisha msome hadi mwisho, maana ndani ya mambo haya mna tatizo moja la programu ambalo ni tamu kulitatua, na mna jingine ambalo hakuna programu itakayolitatua.

Kwa nini Italia?

Mtu wa Malindi haulizwi swali hilo. Kwetu Kiitaliano ni lugha ya biashara. Kijana wa ufuoni Watamu huenda asijue neno hata moja la Kifaransa, lakini atakuuzia kinyago kwa Kiitaliano, akupe bei, akupunguzie, na akuulize habari za watoto wako. Uhusiano huu ulipata nguvu miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mnamo Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii hoteli, pizza na aiskrimu.

Mama alifua na kupiga pasi katika mojawapo ya hoteli hizo kwa miaka 22. Kila kaskazi ilipovuma wageni walijaa, na yeye alijifunza Kiitaliano kutoka kwao, neno moja moja. Mojawapo ya maneno hayo ni "settimana bianca", yaani wiki nyeupe. Ni ile wiki ya majira ya baridi ambayo familia za Kiitaliano hupanda milimani kuteleza kwenye theluji. Mama alilijua neno hilo miaka mingi kabla ya kuona picha ya theluji kwenye kompyuta yangu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, hawa huja kwetu kukimbia baridi, kisha wakirudi kwao wanalipa pesa waifuate baridi hiyo hiyo mlimani. Nataka nikaone kuna nini huko."

Mwaka jana nilimaliza kazi ya mteja mmoja wa ng'ambo na nikalipwa vizuri. Nikamwuliza Mama anataka nini. Nilitarajia aseme friji.

Kwa nini Pragelato?

Mabonde ya ski Italia ni mengi. Majina kama Cortina, Bormio, Livigno na Val di Fiemme yalisikika sana kwa sababu ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 2026. Mimi nimechagua kijiji kiitwacho Pragelato, katika bonde la Chisone, magharibi ya jiji la Torino, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei juu ya bahari. Jina lenyewe maana yake ni uwanda ulioganda. Nimelichagua kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Philip Boit. Vijana wengi hawamjui, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Boit alikuwa mwanariadha wa mbio za kawaida kutoka Bonde la Ufa. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na Henry Bitok kujifunza ski ya masafa, yaani ile ya kusukuma mbao kwa miguu na fimbo kwenye njia ndefu, si ile ya kuporomoka mlimani. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikuwa akisubiriwa kupewa medali, lakini aligoma kuondoka mstarini mpaka Boit afike, akamkumbatia. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002, na tena mwaka 2006 ilipofanyika Torino. Mbio za ski ya masafa za mwaka ule zilifanyika Pragelato. Kwa hiyo katika theluji ya bonde hilo Mkenya amekwisha kupita mbele yetu.

Na kama mtu anadhani theluji na Pwani havipatani, Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika ski ya mlimani kwenye Olimpiki, huko Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi. Alihamia Austria na mamake akiwa mtoto mdogo, na babake wa kambo alikuwa mwendeshaji wa lifti za ski. Kilifi, jamani! Kilomita 60 hivi kutoka hapa ninapoandika.

Sababu ya pili ni pesa na magoti. Ski ya masafa ni nafuu kuliko ya mlimani, na inachezwa mahali palipo tambarare. Anayetaka milima atapanda basi hadi Sestriere, mita 2,035, ambako huanza mtandao wa njia za ski uitwao Via Lattea, kama kilomita 400 zinazovuka mpaka hadi Montgenèvre, Ufaransa. Mimi nitapanda siku moja kujaribu. Mama atabaki chini akitembea na vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji.

Mzunguko

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kila ninapokuwa na mambo mengi yanayotegemeana huyachora kama grafu. Kila jambo ni nukta, na kila "hili lazima litangulie lile" ni mshale. Kisha naiachia programu ipange mambo yote kwa mfuatano ambao hakuna linalotangulia linalolitegemea. Kazi hii huitwa upangaji wa kitopolojia, na njia moja maarufu ya kuifanya ilichapishwa na Arthur Kahn mwaka 1962. Tangu toleo la 3.9 Python imekuja na moduli yake, graphlib, kwa hiyo huhitaji hata kuiandika mwenyewe.

Niliweka nukta 14: pasipoti, taarifa za benki, bima, tiketi, malazi, miadi ya viza, viza, nguo na kadhalika. Nikabonyeza. Programu ikakataa. Ikaniambia kuna mzunguko.

Na ni kweli ulikuwepo. Viza inataka uone ndege na malazi. Ndege na malazi zinataka pesa. Pesa sitaki kuzitoa kabla ya viza. Bima inataka tarehe, tarehe zinatoka kwenye tiketi, na tiketi inasubiri viza inayosubiri bima. Kila mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuomba viza ya Ulaya anaujua mzunguko huu hata kama hajawahi kusikia neno grafu.

Dawa yake ni ile ile tunayotumia moduli mbili zinapotegemeana: unatafuta nukta ambayo kwa hakika ni mbili, unaipasua. Kanuni za viza ya Schengen zinataka uthibitisho wa mpango wa safari. Nafasi iliyowekwa inatosha kuonyesha mpango huo. Basi nukta ya "tiketi" niliipasua ikawa "nafasi iliyowekwa" na "tiketi iliyolipiwa". Ya kwanza inatangulia viza, ya pili inaifuata. Malazi nilichukua ya kufuta bila malipo. Bima, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu, nilitafuta ile inayorudisha pesa viza ikikataliwa. Nikabonyeza tena, na mfuatano ukatoka mzima, kutoka pasipoti hadi begi.

Kwa anayetaka kunakili, hizi ndizo tarehe za kuingiza. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakie na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Sisi tunasafiri wiki ya pili ya Januari, kwa sababu baada ya sikukuu ya Epifania, Januari 6, Waitaliano hurudi kazini na bei milimani hushuka. Ukirudi nyuma siku 45 na kuongeza nafasi ya kupumua, ombi liwe limefika katikati ya Novemba.

Jambo dogo la ziada. Ratiba ya Mama lazima iwe kwa saa za Kiswahili, si za uwanja wa ndege. Hesabu yake ni nyepesi: chukua saa, toa 6, gawanya kwa 12, shika baki, na baki likiwa 0 andika 12. Saa 22:00 inakuwa saa nne usiku. Angalieni tu saa 03:00, maana 3 kutoa 6 ni hasi. Python itakupa 9, yaani saa tisa usiku, sawasawa. Ukiandika kwa C utapata hasi 3, na utamwamsha mzee wa watu saa isiyokuwepo.

Hesabu

Nimeweka euro 1 kwa shilingi 150. Kwa watu wawili nimetenga hivi:

Ndege Nairobi hadi Torino, kwenda na kurudi: 220,000
Safari za Nairobi kwa ajili ya viza na ndege: 18,000
Viza mbili kwa euro 90 kila moja: 27,000
Bima: 8,000
Nyumba ya kupanga, siku 6: 90,000
Chakula, tukijipikia: 45,000
Kukodi vifaa, mwalimu na vibali vya njia: 60,000
Treni hadi Pinerolo, basi la bondeni na mengineyo: 15,000
Nguo: 14,000
Akiba: 50,000

Jumla ni shilingi 547,000. Mjomba alipoiona alivua miwani. "Nusu milioni kwenda kuanguka kwenye barafu? Na paa la mamako linavuja?"

Mjomba hasemi uongo. Paa linavuja. Nililifikiria jambo hilo usiku mzima, na ningekuwa mimi peke yangu ninayesafiri ningelitengeneza paa. Lakini Mama alimjibu kakake mbele yangu: "Paa limevuja tangu huyu yuko shule ya msingi, na litatengenezwa. Miaka 22 nimekunja nguo za watu wanaotoka huko. Mara moja tu nataka kwenda mimi." Mjomba akavaa miwani yake. Paa tumelipangia mwezi wa Aprili, kabla masika hayajakolea.

Nguo, chipu na betri

Nguo za theluji zipo kwenye mitumba, na kwa bei nafuu, maana hapa Pwani hazina mnunuzi. Majaketi yetu tumeyapata Kongowea, Mombasa. Langu lina mfuko mdogo wenye zipu kwenye mkono wa kushoto. Muuzaji aliniambia ni wa kuwekea simu. Huo ni wa kadi ya lifti. Kadi ya ski huwa na chipu ya RFID isiyo na betri. Lango lina antena inayotoa mawimbi ya megahezi 13.56, mawimbi hayo yanaiamsha chipu, chipu inataja namba yake, na lango linafunguka bila wewe kuvua glavu. Wakenya mtakumbuka kadi za matatu tulizohimizwa kutumia mwaka 2014, zikafa. Kule milimani wazo lile lile lilishika, kwa sababu mwenye glavu nene hataki kuhesabu chenji.

Simu iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri za lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi, na kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi 0 huziharibu kabisa. Ukirudi nyumbani iache ipate joto kwanza ndipo uichomeke.

Na msisahau sheria. Tangu Januari 1, 2022 anayeteleza kwenye njia za ski za mlimani Italia lazima awe na bima ya kulipia madhara atakayomsababishia mwingine, na tangu Novemba 1, 2025 kofia ngumu ni lazima kwa watu wa umri wote. Hii ni bima nyingine, si ile ya viza.

Lile lisilotatuliwa na programu

Viza si nukta ya kawaida kwenye grafu yangu. Nukta nyingine zote nikizifanyia kazi zinakwisha. Hii inaamuliwa na mtu ambaye sitamwona, na swali lake kubwa ni moja: mtarudi?

Kwangu mimi jibu linaandikika. Nina mikataba, cheti cha kodi na taarifa za benki. Kwa Mama ni kazi. Orodha za ushahidi hupenda hati ya shamba. Mama anaishi kwenye ardhi aliyozaliwa, ambako bibi na babu wamezikwa, na hati hana. Si yeye peke yake. Pwani yetu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha watu wengi bila karatasi juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima, na hadi leo kaunti ya Kilifi ina vijiji vizima vya watu wanaoitwa maskwota mahali walipozaliwa. Kwa hiyo mtu mwenye mizizi mirefu kuliko wote ninaowajua ndiye ambaye kwenye karatasi hana mizizi.

Tumekusanya vilivyopo: barua ya chifu, leseni ya kaunti ya kibanda chake cha mahamri, taarifa za M-Pesa za kibanda hicho, daftari la chama ambacho yeye ni mweka hazina, na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wanne. Kurasa 43. Nimezipanga kwa mfuatano, na mbele nimeweka barua fupi inayoeleza kwa nini hati ya shamba haipo.

Wakati huo huo, Mwitaliano anayekuja Malindi hujaza fomu kwenye mtandao. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka kibali cha usafiri cha kielektroniki, dola 30 hivi, bila kwenda popote kutoa alama za vidole. Siwalaumu wageni wetu, hawakuandika kanuni hizo. Wametulisha, na tumewalisha. Ila nikiwa mtu wa programu naona daraja moja lenye kanuni mbili tofauti za kuvuka, kutegemea umesimama upande gani.

Tumebishana na Mama juu ya mstari mmoja tu wa programu yangu. Mimi niliandika: kama viza yangu ipo NA viza ya Mama ipo, nunua tiketi. Yeye anataka neno NA liwe AU. "Wakininyima mimi, wewe nenda. Wewe ni kijana, utaniletea picha." Nimemwambia picha za theluji amezitazama za kutosha. Akanyamaza, kisha akasema niandike nitakavyo, yeye ataomba Mungu. Basi neno limebaki NA. Akinyimwa mmoja, ada ya viza itakuwa imekwenda, maana hairudishwi, nasi tutaanza na paa mapema.

Miadi yetu Nairobi ni mwezi ujao. Tutapanda matatu hadi Mombasa, kisha treni ya SGR. Majibu yakija nitayaandika hapa, yawe mazuri au mabaya, na nitaweka faili la grafu ili anayetaka alipakue na kubadilisha nukta zake.

Kama kuna msomaji anayeishi Torino, au aliyewahi kuombea mzazi asiye na hati ya shamba, niandikie. Hasa nataka kujua uliweka karatasi gani ikakusaidia. Mama naye anauliza kama kule bondeni unga wa ngano na nazi vinapatikana, maana anataka kukaanga mahamri. Unga nimemwambia upo. Nazi nimemwambia tubebe.

Kwa leo naishia hapo.